Shati la Usumani

Usumani aliondoka Kigali siku ya Jumanne, wiki ya mwisho ya Septemba mwaka 1990, akiendesha lori tupu kwenda Mombasa kuchukua mabati. Asubuhi hiyo alitundika shati lake la kaki kwenye msumari nyuma ya mlango, akamwambia mkewe kwamba kifungo cha tatu kimedondoka, akishone, atalivaa akirudi. Mkewe, Swafiya, alikuwa fundi cherehani. Alicheka, akasema mtaa mzima wa Biryogo unavaa vifungo vilivyokaza isipokuwa mume wa fundi. Waliagana hivyo, bila uzito wowote, kwa sababu safari ya Mombasa ilikuwa ya wiki mbili, tatu ikichelewa.

Siku sita baadaye vita vilianza mpakani upande wa Uganda, na barabara ya Gatuna, ambayo malori yote ya Mombasa yaliipita, ikafungwa. Madereva wa Biryogo waliokuwa safarini wakakwama huko huko. Wake zao walikusanyika jioni kwenye baraza ya Swafiya, kila mmoja na habari yake ya kuokoteza, na kwa majuma kadhaa wasiwasi ukawa wa wote. Kisha ikajulikana kwamba malori yanaweza kuzunguka kupitia Tanzania na kuingilia Rusumo, penye maporomoko ya mto. Kabla mwaka haujaisha, madereva walianza kurudi, mmoja leo, mwingine wiki ijayo. Kila nyumba iliyompata mtu wake ilipika pilau, na Swafiya alikwenda kusaidia kupika, akakaa kula, akarudi kwake. Ilifika siku baraza yake ikabaki na mtu mmoja tu, yeye mwenyewe, na cherehani.

Hakuwa na mtoto. Wazazi wake walikwisha kufa. Jirani yake wa ukuta mmoja, msichana aliyeitwa Uwera, alikuwa akimpigia hodi asubuhi na jioni kumjulia hali, na siku nyingine hiyo ndiyo sauti pekee ya mtu iliyoingia chumbani kwake.

Alifanya kila alichoweza kufanya mke. Alituma barua tatu kwa mikono ya madereva. Alipeleka tangazo redioni. Lilisomwa mara moja, saa saba mchana, kati ya taarifa ya msiba na ya mtu aliyepoteza kitambulisho, na Swafiya aliyekuwa ameinamia redio alishangaa jinsi jina la mumewe lilivyopita upesi. Mwanzoni mwa mwaka 1992 dereva mmoja alimwambia, huku akitazama chini, kwamba Usumani ni mzima. Amemwona Kahama, katika Tanzania, mwenye afya yake. Hakusema zaidi, na Swafiya hakuuliza. Alimshukuru, akaendelea kushona. Jioni hiyo aligundua kwamba alikuwa ameshona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja.

Tangu hapo kungoja kwake kukabadilika. Zamani alimngojea mtu aliyezuiwa. Sasa alimngojea mtu ambaye njia iko wazi mbele yake na haji, na hilo hakuweza kumwambia yeyote, hata Uwera.

Swafiya alikuwa na sauti. Tangu usichana alikuwa katika kikundi cha wanawake wanaopiga matari harusini, na yeye ndiye aliyeanzisha, wengine wakamwitikia. Wimbo ulimjia akiwa kwenye cherehani, mguu ukiendesha pedali, na ulikuja na mwendo huo huo wa pedali. Haukuwa na jina la mtu ndani yake. Ulikuwa na shati.

*Kifungo kimoja tu, ndicho kimebaki kushona,*
*Shati liko msumarini, mwenyewe sijamwona.*
*Kama huku wamefunga, zunguka penye maporomoko,*
*Mlango haujakazwa, nyumba ingali yako.*

Aliuimba kwa wiki mbili chini kwa chini. Ndipo likamjia wazo. Tangazo husomwa mara moja likaisha, lakini wimbo watu wakiupenda hurudiwa mpaka umfikie hata asiyetaka kusikia.

Alijifunga mtandio mzuri, akapanda hadi mtaa wa Nyamirambo, kwa Jean-Bosco. Huyu alikuwa na duka la kunakili kanda. Mbele aliuza, na nyuma alikuwa na chumba alichokigeuza studio, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro mawili yamesimamishwa mlangoni. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kusikiliza akiwa amefumba macho. Swafiya aliimba amesimama, mkoba mkononi. Alipomaliza Jean-Bosco alifungua macho.

"Hii wimbo iko nzuri, mama," alisema. "Lakini Kiswahili iko ya Biryogo tu. Tubadilishe, tuweke Kinyarwanda, redio itapenda."

"Tukiweka Kinyarwanda utaishia Rusumo."

"Wewe unataka ufike wapi?"

Swafiya alitazama magodoro. "Mbali kidogo," alisema. "Wenye malori waweze kuuimba."

Jean-Bosco akasema wataacha maneno yalivyo, na waitikiaji wataongeza mistari miwili ya Kinyarwanda, neno mlango likibaki vile vile. Yeye mwenyewe angemleta mpiga gita, Sibomana, ambaye zamani alikuwa na bendi ya hotelini. Tangu vita wageni wamepungua, na bendi imesambaratika.

Walirekodi siku ya Jumapili, kati ya adhuhuri na alasiri, kwa sababu adhana ya msikitini ilikuwa ikipenya magodoro na kuingia kwenye kanda. Jean-Bosco alipiga kinanda mwenyewe huku akichunga mashine. Sibomana alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Alimsikiliza Swafiya mara mbili bila kugusa nyuzi, akauliza, "Kifungo kipi?"

"Cha shati."

Sibomana akaitikia kwa kichwa polepole. "Sawa," alisema.

Mara ya kwanza umeme ulikatika katikati. Mara ya pili Swafiya aliimba vizuri mno, Jean-Bosco akakataa. "Hiyo ni ya harusini," alimwambia. "Unaimbia ukumbi. Imba kama ulivyoimba ile siku, na mkoba." Swafiya aliona haya, lakini alikwenda akachukua mkoba wake, akaushika. Akafumba macho, akaimba kwa mtu mmoja. Kwenye neno *mwenyewe sijamwona* sauti ilikwaruza kidogo, akataka kusimamisha. Sibomana alimpa ishara kwa kidevu aendelee, na gita lake likaingia chini ya ile sauti iliyokwaruza, likaishikilia mpaka mwisho. Hawakurudia tena.

Walipokuwa wakikunja nyaya Sibomana alisema, bila kuulizwa, "Mimi nilifikiri kifungo cha jela. Mdogo wangu alichukuliwa ile Oktoba vita vilipoanza, akakaa ndani miezi sita. Mama yetu alikuwa akimtengea chakula kila siku." Akafunga gita ndani ya mfuko. "Nimepiga hivyo. Unisamehe."

"Umepiga vizuri," Swafiya alisema. Alitamani kumweleza habari ya Kahama. Badala yake akauliza kama waitikiaji watakuja kesho.

Kanda ilipelekwa redioni kwa Gaudiose, aliyetangaza kipindi cha salamu cha Jumapili mchana. Siku ya tatu alimwita Swafiya ofisini. Alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani.

"Nauliza kabla wengine hawajaniuliza mimi," alisema. "Kifungo hiki ni kitu gani? Na nani amefunga njia?"

Swafiya alifungua mkoba, akatoa kijisanduku chake cha bati chenye vifungo na sindano, akakiweka mezani. "Mimi ni fundi," alisema. "Hivi ndivyo vifungo ninavyovijua."

Gaudiose aligusa kifungo kimoja cha kaki kwa ncha ya kidole. Labda aliona kitu usoni mwa yule mwanamke; labda alikuwa na lake. Akasema utapigwa Jumapili.

Ulipigwa Jumapili, ukaombwa tena Jumapili iliyofuata, na kufika mwezi wa tisa watu walikuwa wakiandika redioni kuomba wimbo huo tu. Kila mtu aliusikia kwa sikio lake. Waliokuwa na ndugu gerezani waliusikia wa gereza. Waliokuwa na jamaa ng'ambo ya mpaka, ambao hata kuwataja ilikuwa hatari, waliusikia wa mpaka. Vijana walisikia mdundo tu, na wakaanza kutembea mjini wameacha kifungo kimoja wazi, wakiitana "msumarini" badala ya kusalimiana. Watu walikuja dukani kwa Jean-Bosco wakikataa kanda yenye nyimbo nyingine, mpaka akaamua kutoa kanda ya wimbo mmoja, huo huo upande wa kwanza na huo huo upande wa pili. Mashine zake mbili zilinakili kutwa. Juu ya karatasi ya kanda aliandika *Kifungo Kimoja Tu*, na chini yake, *Swafiya wa Biryogo*. Swafiya ndiye aliyeomba neno Biryogo liwepo, asije mtu akadhani ni Swafiya mwingine.

Madereva walizinunua kabla ya safari. Swafiya alizitazama zikiondoka, zimekaa juu ya dashibodi karibu na tasbihi na picha za watoto, na kila lori lililoshuka kuelekea mashariki alilisindikiza kwa akili: leo Kibungo, kesho Rusumo, keshokutwa Kahama.

Umaarufu ulimletea wateja na ukamnyima watu. Wanawake wa kikundi chake walianza kumwachia kiti cha mbele na kunyamaza akifika. Mtu akimwona njiani alimwimbia mstari wa kwanza, akacheka, akapita. Wavulana walimletea mashati mazima wakiomba awashonee kifungo kwa mkono wake. Alishona. Wimbo ulitoka kwenye kila dirisha, na kila alipousikia aligundua kwamba anausikiliza kama atakavyousikiliza Usumani: je, hapa atajua? Hapa je? Wengine wote katika mji walikuwa wameupokea, na kwake ilikuwa kama barua iliyosomwa na wapita njia wote huku haijulikani kama mwenye anwani ameipata. Miezi ikaenda. Mwaka ukageuka.

Mtu alikuja mwezi wa nne mwaka 1993, Alhamisi asubuhi. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Swafiya, amevaa kanga doti nzima, mtoto mgongoni, vumbi la safari hadi kwenye kope. Alisimama mbele ya baraza.

"Shikamoo dada," alisema.

Swafiya hakuwa ameisikia salamu hiyo tangu siku alizokuwa akimwamkia bibi yake wa Tabora. "Marahaba," aliitikia, na moyo wake ulikuwa umeshaelewa kabla ya masikio.

"Naitwa Kabula. Nimetoka Kahama, nimeletwa na lori. Nimekuja kumwona mwenye sauti."

Swafiya alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akamkaribisha ndani, akamletea maji ya kunawa, akachemsha chai. Kabula alimshusha mtoto, msichana wa kama mwaka mmoja na nusu, ambaye alikaa mkekani akichezea ncha ya mtandio wa mwenyeji. Shati la kaki lilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Kabula aliliona. Wote wawili wakanywa chai kwanza.

"Sikujua kama kuna mtu," Kabula alianza. "Nina mgahawa pale wanapoegesha malori. Alikuja na homa kali, ile miezi ya mwanzo wa vita. Nikamuuguza. Alisema kwao Kigali, njia imefungwa. Nikasema basi kaa mpaka ifunguliwe. Ilipofunguliwa Rusumo alisema atakwenda mwezi ujao. Mwezi ujao tena. Halafu nikawa na huyu."

"Alikuoa?"

"Kwa sheikh. Alisema hana mke."

Swafiya aliweka kikombe chini. Kilichomuuma hakikuwa kile alichotarajia. "Angeniambia," alisema. "Dini inamruhusu. Angeandika neno moja tu, nimepata mke mwingine Kahama. Ningelia, nikanyamaza. Ningekuletea na nguo za mtoto."

"Najua. Nami nilimwambia hivyo." Kabula alikuwa akitazama viganja vyake. "Dereva mmoja alileta kanda, akaipiga pale mgahawani. Usumani alikuwa anakula. Aliacha kijiko. Nikadhani amepaliwa. Tangu siku hiyo aliinunua ile kanda, akawa anaisikiliza ndani ya lori, madirisha yamefungwa. Akirudisha, akipiga, akirudisha, mpaka utepe ukatafunwa, akanunua nyingine. Nikamuuliza huyu ni nani. Akasema, fundi niliyemjua Kigali. Mwezi mzima hivyo. Siku nyingine nikaingia ndani ya lori nikakaa, nikasema sishuki. Ndipo akasema."

"Alisema nini?"

"Kwamba alichelewa mwezi mmoja, akaona haya. Ikawa miezi, haya ikazidi. Akasema sasa haji, hata ukimwimbia nyimbo mia, maana hajui aingie na uso gani." Kabula alifuta macho kwa pindo la kanga. "Mimi nimechoka, dada. Mwili uko kwangu na masikio yako kwako. Nimekuja uniambie wewe. Ukimtaka nitamwambia arudi, nitamlea huyu peke yangu. Usipomtaka, basi umwache kabisa, ajue mlango umefungwa."

Nje mtu alipita akipiga mluzi mwendo wa ule wimbo. Waliusikiliza wote wawili mpaka ukapotea. Swafiya alimtazama mtoto: paji la uso lilikuwa la Usumani, na namna ya kukunja midomo. Alikumbuka jinsi alivyotaka jambo moja tu, wimbo umfikie. Ulikuwa umefika tangu zamani. Siku zile zote alizokuwa akiuliza je, hapa atajua, Usumani alikuwa ameshajua tangu neno la kwanza, akafunga madirisha ya lori.

"Mwambie aandike talaka," alisema hatimaye. "Mbele ya mashahidi wawili, kwa mkono wake. Aje nayo au aitume, ni hiari yake. Na mwambie sikukasirika kwa kuwa alikuoa wewe."

Alimpa Kabula chumba apumzike, akamwogesha mtoto, na alasiri akamsindikiza mpaka penye malori. Kabula alipanda, mtoto akakabidhiwa juu. Walishikana mikono dirishani. Hawakuonana tena.

Karatasi ilifika baada ya wiki tano, imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kampuni ya usafirishaji. Aliyatambua maandishi. Hapakuwa na neno lolote nje ya yale yanayotakiwa, isipokuwa pembeni, kwa kalamu nyingine, aliandika: *Sauti ilinifikia.* Swafiya aliisoma amesimama, akaenda kwa sheikh, akaanza eda yake. Shati alilitoa msumarini, akalishona kifungo, akalifua, akalipiga pasi, akampa mzee mmoja aliyekuwa akipita kuomba.

Miezi mitatu alikaa ndani, na dunia ya nje haikuwa na habari; hata Uwera hakuambiwa kwa nini. Wimbo uliendelea kupigwa. Mwezi wa nane redio ilitangaza kwamba mapatano yametiwa saini Arusha, na siku ile watangazaji waliupiga mara mbili, kwa kuwa ulisema habari za njia na mlango. Uwera alibisha ukutani kwa furaha. "Dada Swafiya, unausikia? Sasa shemeji atarudi." Swafiya alisema inshallah, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kusema jingine.

Eda ilipokwisha, Jean-Bosco alikuja mwenyewe kwa miguu, akihema, kuuliza wimbo wa pili. Watu wanaungoja, alisema. Sibomana ameshapata mwendo wa gita, kilichobaki ni maneno. Swafiya alimwekea kiti barazani, akafikiri kwa haki kabisa, kwa sababu alimpenda yule mtu na hakutaka kumjibu ovyo.

"Nimetafuta," alimwambia. "Naketi kwenye cherehani nangoja maneno. Nasikia pedali tu."

"Yatakuja, mama."

"Labda."

Mwezi wa kumi Uwera aliolewa, na akamsihi aimbe katika harusi yake, mchana, uani kwa mjomba wake, chini ya turubai. Swafiya alivaa gauni alilojishonea. Sibomana alikaa nyuma yake na gita. Aliimba wimbo wote, beti zote, sauti yake safi kuliko ilivyokuwa kwenye kanda. Hakuna neno lililokwaruza. Wageni walisimama, wakacheza, bibi harusi akalia kwa furaha, akina mama wakampigia vigelegele. Naye alikuwa akiimba huku akiangalia pindo la turubai lililolegea upande mmoja, akifikiri kwamba lingehitaji mshono wa mara mbili. Alipofika kwenye mstari wa maporomoko alimtafuta Usumani moyoni kwa mazoea, kama mtu anavyopapasa swichi ya taa katika nyumba aliyohama. Hakumkuta. Ndipo akajua kwamba alichokikosa siku zile za eda hakikuwa mume. Alikosa kungoja. Karibu miaka mitatu alikuwa na mtu wa kumsikilizia lori, na sasa malori yalipita tu.

"Umeimba vizuri sana," Sibomana alimwambia akikunja waya.

"Nimeimba sawa," alisema Swafiya.

Aliwahi kuondoka kabla ya jua kushuka. Alibadilisha nguo, akaketi mbele ya cherehani, akaanza kushona sare za shule zilizokuwa zimerundikana, sketi za buluu ishirini na kitu, zote za kipimo kimoja. Mtu mmoja wa harusini, dada wa Uwera, alipita na sinia lililofunikwa, akasimama barazani, akasema wamemwekea chakula chake, mbona amekimbia.

Swafiya alimshukuru, akamwambia wapewe watoto, yeye ameshakula. Hakuwa amekula. Yule dada akaenda zake na sinia, na Swafiya akachukua sketi nyingine.